Swichi ya Nyumba ya Bati

Mke mwenzangu tulimzika mwaka huu, wakati wa kupalilia maharage. Waliokuja matangani walimpa mkono wa pole kwanza binti yake mkubwa, kisha wanawe wengine, kisha mimi. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini niliona mpangilio ule na ukaniuma, mwanamke mzima niliyezeeka, nimekaa mkekani na mtandio wa msiba kichwani. Watoto wake wananiita mama mkubwa. Wananiletea sukari na kuni. Sina la kulalamika. Ila tangu aondoke, ninamkumbuka zaidi kwa jambo moja, nalo si la kunipa sifa. Ni taa.

Mume wetu alikuwa fundi kwenye karakana ya serikali pale Biharamulo. Alitoka familia ya Kiislamu iliyokaa mjini miaka mingi. Mimi ni Mhangaza wa Nyakisasa, Ngara. Nilisilimu siku ya ndoa. Mke mwenzangu alikuwa Msubi wa hapa hapa, hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Mimi nilifika darasa la nne. Kiswahili sote watatu tulikipata nje ya nyumba za wazazi wetu, shuleni, sokoni au kazini, na ndicho tulichozungumza nyumbani.

Tulipohamishwa kutoka kwenye migomba yetu na kuletwa barabarani katika kijiji cha ujamaa, tulipewa kiwanja katika mstari kama watu wote. Mume wangu alijenga haraka kwa sababu mvua ilikuwa karibu: miti, udongo, nyasi juu. Nyumba hiyo ikawa yangu. Miaka miwili baadaye alioa tena, na safari hii hakuwa na haraka. Alimjengea mwenzangu nyumba ya bati. Kati ya mlango wangu na wake palikuwa na uwanja ambao mtu anauvuka kabla ya kumaliza kukohoa. Mvua ikinyesha, kwangu palikuwa kimya na kwake palikuwa na kelele mpaka hawasikilizani. Nilikuwa nalala nikisikiliza kelele ile na kuitamani.

Karakana ilikuwa na malori mabovu yaliyowekwa nyuma, na mume wetu aliruhusiwa kuchukua vitu visivyofaa tena. Jioni alikaa uwanjani akichezea waya. Hakuna aliyemtuma. Wengine wanapenda bao, yeye alipenda hivyo. Siku moja akaja na betri ya lori iliyochoka lakini bado inashika chaji, balbu tatu za gari, na kidude cheusi kilichong'olewa kwenye honi. Alikiita rilei. Akasema atatuwekea taa.

Alitueleza sote wawili, akiwa amechuchumaa, na mimi nilimwelewa kuliko mwenzangu. Alisema umeme wa kuwasha taa zote tatu unapita kwenye waya mnene, na waya huo hautaki kuchezewa. Ukiukata au kuugusanisha unatoa cheche. Kwa hiyo mkono wa mtu usifike huko. Mkono utagusa swichi ndogo tu, yenye waya mwembamba. Waya mwembamba unaamuru rilei, na rilei ndiyo inayogusanisha waya mnene, ndani ya boksi la bati, nje ya nyumba. Kabla ya boksi aliweka kipande cha waya mwembamba kama unywele, kilichobanwa kwenye kigae. Hiyo ni fyuzi, alisema. Kukitokea hitilafu inakatika yenyewe kabla nyumba haijaungua.

"Kwa hiyo mwembamba anaamuru na mnene anafanya kazi," nilisema.

"Hasa."

Mke mwenzangu alikuwa mwembamba. Mimi nilikuwa mnene. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sikucheka.

Kabla hajaipachika swichi, mume wetu alinipa kopo la rangi nyekundu na kijiti. "Wewe ndiye unayeandika vizuri," aliniambia. "Hapa juu andika FUNGA. Hapa chini andika FUNGUA." Niliandika kwa herufi kubwa, polepole, ulimi nje kama mtoto. Sikuuliza kitu. Nilidhani swichi ni ya kwangu.

Akaipachika kwenye ukuta wa nyumba ya bati.

Nilimngoja amalize kuswali magharibi, nikamuuliza kwa nini isikae kwangu. Akasema kwangu kuna nyasi. Nikamwambia, wewe mwenyewe umesema waya mwembamba hauna cheche. Akasema hauna cheche kubwa.

"Na nyasi zile nani aliniwekea?"

Alikunja mkeka wake wa kuswalia. Baadaye alisema waya haukutosha kufika kwangu mara mbili, na balbu yangu itawaka sawasawa na ya mwenzangu. Kwenye hilo hakusema uongo. Balbu moja kwake, moja kwangu, moja nje chini ya paa la bati kuelekea barabarani. Zote ziliwaka pamoja na kuzimika pamoja, kwa swichi moja, na swichi ilikuwa karibu na kitanda cha mwenzangu.

Hivyo kila jioni, mimi mke wa kwanza, nilisimama mlangoni kwangu na kupaza sauti: "Mdogo wangu, nifungulie taa!"

"Haya, dada!"

Taa ikawaka. Majirani waliizoea sauti yangu. Mama mmoja wa Kisukuma aliyekuja na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa akinijibu kutoka kwake: "Na mimi nifungulie!" Watu wakacheka. Na mwenzangu alipochoka, alizima akalala, na mimi kule nikabaki nimeshika sindano na kanga nusu imepindwa. Mara nyingine nilikuwa bado ninakula.

"Dada, samahani, nilisahau kama uko macho," alisema asubuhi.

Labda kweli alisahau. Miaka yote ile sikuwahi kuamini kwamba alisahau. Usiku ambao mume wetu alikuwa kwangu, taa haikuzimwa mapema. Hilo nililiona pia.

Nilikuwa na faraja moja, nayo ilikuwa ya kijinga. Swichi ni yake, lakini maandishi ni yangu. Yeye hajui yanasema nini. Anasukuma juu na chini kama mtu anayekamua ng'ombe.

Vita vilipoanza, malori ya askari yalipita kwetu mchana na usiku. Tangazo likatolewa kijijini: jua likizama, taa ya nje ni marufuku, na ya ndani isionekane barabarani, kwa sababu ndege za adui zinatafuta mwanga. Mgambo walipita nyumba kwa nyumba. Mwenzangu alining'iniza blanketi dirishani, mimi kanga mbili. Taa tuliwasha mara chache na kwa muda mfupi, mpaka betri ilipoisha na mume wetu akaichukua kwenda kuichaji karakana.

Kesho yake asubuhi mwenzangu aliniita. Alikuwa anakwenda kumwona mama yake mgonjwa, kijiji cha mbele, arudi jioni. Mwanawe alikuwa hataki kuvaa gauni. Yeye akatoka nje kumkimbiza, mimi nikabaki ndani kufunga mzigo wake wa viazi. Ndipo nilipoitazama swichi kwa karibu, mara ya kwanza tangu nilipoiandika. Kijiti chake kilikuwa kimeelekezwa chini, kwenye FUNGUA.

Nitasema nilichohisi. Nilifurahi. Nilijisemea, tazama, mwanamke huyu ameacha taa wazi wakati wa vita. Betri ikirudi zitawaka zote, hata ya nje. Hajui hata kusoma neno moja lililo mbele ya pua yake. Nikasukuma kijiti juu, kwenye FUNGA, na moyoni nikaanza kupanga namna nitakavyomweleza mume wetu: kwa upole, bila kumshtaki mtu, nikisema tu kwamba bahati nzuri nilipita pale.

Mwenzangu akarudi, akabeba mzigo, akafunga mlango kwa kufuli, akaweka ufunguo kwenye pindo la kanga. Mimi nikaenda shamba la kijiji.

Mchana, haya niliyajua baadaye, lori la karakana lilisimama kwetu. Mume wetu aliteremka na betri, akaiunganisha kwenye boksi chini ya paa huku dereva akipiga honi, akapanda tena. Walikuwa wanapeleka vipuri mbele, kwa askari. Jua lilikuwa kali, bati linameremeta. Balbu ndogo ya gari chini ya paa lile nani angeiona?

Tulirudi kutoka shambani jua limekwisha kuzama, wanawake wengi, majembe begani. Mama wa Kisukuma ndiye aliyeona kwanza.

"He! Kwenu leo kuna harusi?"

Niliona nyumba yangu inawaka. Kanga zilikuwa hazijashushwa dirishani, na mwanga ulikuwa umetoka mpaka kwenye migomba. Kabla ya kuogopa, kuna kitu kingine kilitangulia. Nilifikiri: leo sikuomba nifunguliwe taa. Kisha nikaona taa ya nje, nikaanza kukimbia.

Mgambo walikuwa wamefika. Mkubwa wao, kijana wa kutoka Bukiriro, alikuwa anapiga mlango wa nyumba ya bati kwa kitako cha bunduki. "Zimeni! Zimeni hiyo taa! Mnamwonyesha nduri njia?" Nduli, kama tulivyomwita adui wakati ule, yeye alimwita nduri, na siku nyingine tungemcheka. Hakuna aliyecheka.

"Umefungwa," nilisema. "Mwenyewe hayupo."

"Ufunguo?"

"Anao yeye." Betri ilikuwa pale pale nje, kwenye boksi, lakini katika haraka ile hakuna aliyeikumbuka.

Mmoja akachukua panga, akaupiga waya mnene uliokuwa unavuka uwanja. Cheche ikaruka, panga likamtoka mkononi, akaketi chini kwa mshtuko. Taa zote tatu zikazimika kwa pamoja. Fyuzi ilikuwa imekatika. Nyasi za nyumba yangu hazikushika moto, na wakati ule hakuna aliyeshukuru kwa hilo.

Katika giza lile mwenzangu akatokea barabarani, mtoto mgongoni.

"Nani mwenye swichi?" yule mkubwa aliuliza.

"Iko kwangu," alisema mwenzangu. "Kuna nini?"

"Umeacha taa inawaka, umefunga mlango, umeondoka. Ulikuwa unampa nani ishara?"

"Niliizima. Wallahi niliizima."

Aligeuka akanitazama mimi. Nami nilisema nini? Nilisema, "Asubuhi ilikuwa imefunguliwa, nikaifunga." Nilikuwa ninasema kweli kama nilivyoijua. Niliamini kwamba baada ya mimi kuifunga, aliifungua tena. Mkubwa wa mgambo alisema, umesikia ndugu yako? Wakampeleka ofisi ya kijiji na mtoto wake, akalazwa huko kwenye benchi mpaka mwenyekiti apatikane.

Ningependa kuandika kwamba sikulala. Nililala.

Mume wetu alirudi asubuhi, akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimweleza. Akachukua ufunguo wake wa akiba, akafungua nyumba ya bati, akasimama mbele ya swichi.

"Nani ameifunga hii?"

"Mimi. Nilikuta imefunguliwa."

"Umeifunga wewe?"

"Ndiyo. Si umeniambia mwenyewe niandike? Nimeisoma. FUNGUA. Nikaifunga."

Akakaa kitandani kwa mwenzangu. Akasema taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa: kwa mafundi, waya zikigusana mzunguko umefungwa, na mzunguko ukifungwa ndipo umeme unapita. Ukifunguliwa, umeme unakatika. "Kufunga ni kuwasha," alisema. "Hivyo ndivyo nilivyofundishwa karakana."

"Redio ukiifunga inasema?"

"Redio ni maneno ya watu. Hii ni kazi."

"Na kila jioni unanisikia ninaita nifungulie taa."

"Nilikuwa nasikia," alisema. "Nilidhani ni namna yenu ya kusema. Mwenzako naye alikuwa anajua: juu inawaka, chini inazima. Hakuhitaji kusoma."

Alinifikiria, nadhani. Akasema nisiende popote. Ataeleza yeye kwamba ni ubovu wa rilei, mwenyekiti anamfahamu, mwenzangu ataachiwa kabla ya adhuhuri na jina langu halitatajwa. Alikuwa amenipa mlango, na nilitaka kuutumia. Nilikwenda kuchota maji.

Kisimani wanawake walikuwa wanamzungumza yeye. Maskini, na mtoto mdogo. Amelazwa kwenye benchi kama mwizi. Mmoja alikuwa amempelekea uji na maziwa. Mwingine blanketi. Mama wa Kisukuma alisema, "Yule binti hana kelele. Hata kulia hakulia." Mimi niliyekuwa nimesimama pale na ndoo, hakuna aliyeniambia pole, na nyumba yangu ndiyo iliyoponea chupuchupu.

Basi nilikwenda ofisini. Watu wengi baadaye walisema nilikwenda kwa sababu mimi ni mkweli. Ukweli ulikuwepo, ila si ndio ulionisukuma. Sikuweza kuvumilia kwamba hata kosa langu linampa yeye uji wa maziwa.

Mwenyekiti alikuwa ameketi na wajumbe wawili. Mume wetu alikuwa amesimama, ameanza habari ya rilei. Mwenzangu alikuwa kwenye benchi, mtoto amelala mapajani.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Na wewe una nini?"

"Taa niliwasha mimi."

Mume wetu alifumba macho. Nikaeleza yote: rangi nyekundu, herufi zangu, FUNGUA, FUNGA. Sikuacha kitu, isipokuwa furaha niliyoipata wakati nasukuma kijiti. Mwenyekiti akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Fundi," akasema, "mlango ukifungwa, mtu anapita?"

"Hapiti, mwenyekiti."

"Bomba likifungwa, maji yanapita?"

"Hayapiti."

"Na umeme ukifungwa?"

"Ndipo unapopita."

Mjumbe mmoja mzee aligonga fimbo sakafuni. "Umeme wa wapi huo, unangoja mlango ufungwe ndipo upite? Huyo ni mwizi!"

Wakacheka wote, hata kijana wa Bukiriro aliyekuwa mlangoni. Kicheko hicho ndicho kilichotuokoa, maana nilikuwa nimesikia asubuhi ile neno jasusi likitajwa. Mwenyekiti alipomaliza kufuta macho, akaamua: waya zote zing'olewe mpaka vita viishe, betri iletwe ofisini ikasaidie redio ya kijiji, na fundi awe anaandika maneno ya watu kwenye vitu vya watu. Mwenzangu akaambiwa aende nyumbani.

Nje, wanawake walikuwa wamekusanyika. Walimpokea mtoto, wakamshika mwenzangu mikono, wakamwambia pole, pole sana. Mimi nilipita kati yao. Mama wa Kisukuma alinipiga begani. "Na wewe, mwalimu," alisema, "mbele ya swichi uwe unauliza kwanza." Wakacheka tena.

Mume wetu alibaki kuandikisha betri. Tulirudi sisi wawili. Mwenzangu alikuwa anatembea mbele kidogo, kama alivyozoea, halafu akapunguza mwendo mpaka tukawa sambamba.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Hakuna mwingine aliyeingia."

"Mbona hukusema jana?"

Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kanga.

"Wangesema nakuonea wivu."

"Mimi? Wivu wa nini?"

"Unajua kusoma," alisema, bila kunitazama. "Barua zikija anakuletea wewe. Akitaka kuandika kitu anakuja kwako na kopo la rangi, mnainama pamoja. Nilikuwa nawaona pale uwanjani. Mimi ananipa vya kusukuma tu, juu, chini. Siku zile anazolala kwako nilikuwa naacha taa inawaka ili niwaone dirishani mnalala saa ngapi, na hamkulala. Mlikuwa mnasoma gazeti."

Kulikuwa na magazeti, ni kweli. Yalikuwa ya zamani, yaliyofungia vipuri, na mara nyingi mume wetu alikuwa anasinzia nikiwa bado nasoma kwa sauti. Ningeweza kumwambia hivyo. Ingempunguzia. Sikumwambia.

Nilifurahi. Nilihisi joto kifuani kama mtu aliyekunywa uji baada ya safari, uji ambao hakuna aliyeniletea kisimani. Miaka yote nilikuwa nimejidhani niko peke yangu katika jambo lile, ninaungua upande wangu wa uwanja, na kumbe upande wa pili, chini ya bati, alikuwako mtu anayeungua kwa ajili yangu. Sikumwonea huruma. Nimetafuta huruma hiyo moyoni mwangu tangu tumemzika, nione kama ilikuwepo japo kidogo, na sikuiona.

Nilimwambia sikusikia vizuri, upepo ulikuwa unavuma. Nikamwomba arudie.

Akarudia.